Sura ya 6: Mgonjwa Aulizwe

Mgonjwa haulizwi uji. Wahenga walikuwa na sababu yao. Aliyelemewa na homa hana hamu ya chakula. Ukingoja aseme anataka nini, atalala na njaa. Pika, pooza, mshikie bakuli anywe, kesho atakushukuru. Hekima hiyo inafaa pale ambapo kesho ipo.

Mwenye saratani iliyokwisha kusambaa kwenye ini na mifupa yuko mahali pengine. Madaktari wake wanajua hatapona, mara nyingi hata jamaa zake wanajua, na kinachobaki kuamuliwa ni namna atakavyoishi wiki au miezi iliyosalia: atalala usiku au atakesha na maumivu, ataambiwa ukweli au atafichwa, atakuwa na nani, wapi, na kwa gharama ya nani. Kazi hiyo, kama kazi nyingine zote za tiba, inaweza kufanywa vizuri au ovyo. Kwa hiyo inastahili kupimwa.

Ugumu ni kwamba tiba imejizoeza kipimo kimoja. Hospitali za saratani huhesabu waliopona, na wangapi wangali hai miaka 5 baada ya ugonjwa kugunduliwa. Kwa hesabu hiyo kila anayefariki ni hasara, na hasara zote ni sawa. Aliyeondoka ametulia, ameagana na watu wake na kuweka sawa madeni yake, anaandikwa safu moja na aliyekufa akilia usiku kucha kwa sababu ufunguo wa kabati la mofini alikuwa nao mtu aliyekwisha kwenda nyumbani.

Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii na hatimaye daktari, ndiye aliyefanya tofauti hiyo isiweze tena kupuuzwa. Alipofungua Hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana sehemu za mwili, za nafsi, za familia na riziki, na za imani, na kwamba anayetibu moja na kuacha nyingine hajamaliza kazi. Somo hilo lilienea duniani. Lakini aliyekubali kwamba maumivu yana pande nne alijikuta na swali gumu zaidi: zote nne zitapimwaje?

Kabati, kazi na nafuu

Mwaka mmoja kabla ya hospisi ile kufunguliwa, Avedis Donabedian alichapisha makala ambayo wapimaji wa huduma za afya wangali wanaisoma. Alizaliwa Beirut mwaka 1919 katika familia ya Waarmenia, akakulia Palestina, na akafanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Alisema ubora wa tiba unaweza kutazamwa kwa pande tatu: vilivyopo, vinavyofanywa, na yanayompata mgonjwa.

Tuziweke pande hizo kando ya kitanda cha mgonjwa wa saratani. Vilivyopo: je, kuna mofini, kuna mtu aliyesomea kuitoa, na gari la kuwafikia wagonjwa majumbani lina mafuta? Vinavyofanywa: je, mgonjwa aliulizwa kuhusu maumivu, akapewa dozi kila baada ya saa 4 bila kungoja alie kwanza, na aliyeandikiwa mofini aliandikiwa pia dawa ya kulainisha choo? Kigezo hiki cha mwisho ni kidogo, lakini wapimaji wanakipenda. Mofini hufunga choo kwa karibu kila anayeitumia kwa muda. Asiyeandika dawa ya pili amemwondolea mgonjwa shida moja na kumkabidhi nyingine, na karatasi ya dawa inamuumbua papo hapo. Upande wa tatu ndio wenye swali fupi kuliko yote: je, mgonjwa alipata nafuu?

Vilivyopo ndivyo rahisi kuhesabu, kwa hiyo ndivyo vinavyohesabiwa zaidi. Mwaka 2010 kitengo cha utafiti cha jarida la The Economist la London kilipanga nchi 40 kwa ubora wa huduma za mwisho wa maisha. Uingereza ilikuwa ya kwanza, Uganda ya 39. Mwaka 2015 orodha ilipanuliwa hadi nchi 80, vigezo vikaandikwa upya, na Uganda ikaonekana nafasi ya 35.

Msomaji wa harakaharaka angedhani Uganda iliamka usingizini ndani ya miaka 5. Ukweli ni kwamba Anne Merriman, daktari kutoka Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993, akitumia mofini ya maji inayochanganywa nchini kwa poda, maji, kihifadhi na rangi, dawa ambayo mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea huduma shufaa, yaani utunzaji wa kutuliza mateso ya wagonjwa, kuandika mofini wenyewe, kwa sababu kungoja daktari katika wilaya ambayo madaktari ni wa kuhesabika kwa vidole ni kumwacha mgonjwa afe akingoja. Yote hayo yalikuwapo nchi ilipopewa nafasi ya 39. Sehemu ya kupanda kwake ilitokana na kazi halisi, na sehemu ilitokana na kipimo kubadilika. Orodha za aina hii husaidia kumwaibisha waziri asiyetenga bajeti. Juu ya usiku wa mgonjwa mmoja hazina la kusema, kwa kuwa huundwa kwa sera, takwimu za nchi na maoni ya wataalamu.

Bili za marehemu

Wamarekani walikwenda upande wa pili, wa vinavyofanywa. Nchi yao ina bima ya serikali kwa wazee, Medicare, inayotunza kumbukumbu ya kila kilicholipiwa. Mwaka 2003 Craig Earle, daktari wa saratani aliyekuwa Boston, na wenzake walionyesha kwamba kumbukumbu hizo zinaweza kusomwa baada ya mgonjwa kufariki, na kutoka humo ikaonekana jinsi alivyohudumiwa. Je, alipewa dawa za saratani ziitwazo kemo ndani ya siku 14 za mwisho? Alikimbizwa idara ya dharura zaidi ya mara moja katika mwezi wa mwisho? Aliingizwa chumba cha wagonjwa mahututi? Alipelekwa hospisi siku chini ya 3 kabla ya kufa, wakati hapakuwa tena na la kumfanyia ila kumfunika shuka?

Hoja iliyo nyuma ya maswali hayo ina nguvu. Kemo huhitaji muda kabla ya kuleta faida yoyote, ila kichefuchefu na uchovu huja mapema. Anayepewa siku 10 kabla ya kifo kwa kawaida hupata madhara yake tu. Kundi la Earle lilipendekeza kwamba hospitali nzuri isizidishe wagonjwa 10 kati ya kila 100 waliofariki wakiwa wamepewa kemo ndani ya siku hizo 14. Faida nyingine ilikuwa bei: hakuna anayetumwa kwenda kuhoji, hakuna fomu ya kujazwa, kompyuta inasoma bili za maelfu kwa siku moja. Vigezo hivyo vikasambaa.

Mwaka uliofuata watafiti wengine watatu, Peter Bach, Deborah Schrag na Colin Begg, waliandika makala kali wakisema mtindo huu wa kufufua historia za marehemu unapaswa wenyewe kuzikwa. Daktari aliye mbele ya mgonjwa hajui kwamba leo ni siku ya 14 kabla ya kifo. Siku hizo huhesabiwa kinyumenyume na mtu anayejua mwisho wa hadithi. Tena, anayeanza hesabu na waliokufa amewaacha nje wagonjwa waliopewa dawa ileile wakiwa katika hali ileile, wakanusurika. Mmoja anaandikwa kuwa alihudumiwa vibaya na mwingine haandikwi popote, ingawa daktari alifanya uamuzi uleule.

Njia ya kuikwepa kasoro hiyo ni kuanza na walio hai na kwenda nao mbele. Jennifer Temel na wenzake walifanya hivyo katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa, waliogunduliwa karibuni, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipata tiba ya kawaida ya saratani. Nusu walipata tiba hiyohiyo pamoja na kuonana na timu ya huduma shufaa tangu mwanzo. Kila mmoja aliulizwa kwa hojaji anavyojisikia. Kundi la pili lilieleza maisha bora zaidi na huzuni kidogo. Tiba za kung'ang'ania mwishoni zilipungua pia, kutoka asilimia 54 hadi 33. Wakati huohuo wastani wao wa kuishi, kwa kipimo cha kati, ulikuwa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Ulikuwa utafiti wa hospitali moja na aina moja ya saratani, na haujengi sheria kwa wote. Ila uliwanyamazisha waliokuwa wakidai kwamba kumwita mtaalamu wa shufaa ni kumkatia mgonjwa tamaa.

Namba ndogo isiyo sifa

Sasa vichukue vigezo vya Earle uvipeleke mkoani Kigoma, Tanzania, au kaunti ya Turkana, Kenya. Wangapi walipewa kemo katika siku 14 za mwisho? Karibu hakuna. Wangapi walifia chumba cha mahututi? Wachache mno. Wangapi walifia nyumbani? Wengi. Kwa mizani ya Medicare, hapa ndipo watu wanapokufa vizuri kuliko Marekani.

Kila anayeijua hali anaona kosa liko wapi. Namba ndogo ya kemo inaweza kutoka kwa daktari aliyekaa na mgonjwa, akamweleza dawa haitamfaa tena, wakakubaliana kuiacha. Inaweza pia kutoka kwa mgonjwa aliyeuza shamba kupata nauli ya Dar es Salaam, akafika Taasisi ya Saratani Ocean Road ugonjwa umekwisha kuenea, akarudishwa kijijini bila hata chupa ya mofini. Kwenye takwimu wawili hao hawatofautiani. Kigezo kilichobuniwa kuwabana wanaozidisha tiba hakioni lolote pale ambapo tiba haipo.

Kufia nyumbani ndicho kigezo kinachodanganya zaidi. Nchi tajiri hukitaja kama fahari. Kwetu mtu anaweza kuwa kwake kwa sababu ametaka kulala chini ya paa lake, karibu na makaburi ya wazee wake; au kwa sababu bili ya hospitali ilishawashinda, au kwa sababu familia imepiga hesabu kwamba kumsafirisha akiwa hai kwa basi ni nafuu kuliko kukodi gari la maiti. Hata huko Marekani, Karen Steinhauser na wenzake walipowaomba wagonjwa, jamaa na madaktari wapange mambo 9 kwa uzito, katika utafiti uliotoka mwaka 2000, kutokuwa na maumivu kulikuwa juu kabisa, na kufia nyumbani kulikuwa chini kabisa. Kwa wagonjwa, amani na Mungu ilikuwa karibu sawa na kutokuwa na maumivu. Asilimia 92 ya wagonjwa walisema kubaki na akili timamu ni muhimu. Kati ya madaktari, waliosema hivyo ni asilimia 65. Daktari anayeongeza dawa hadi mgonjwa asinzie mchana kutwa anaweza kuamini amefanya jema, huku mgonjwa angekubali maumivu kiasi ili amtambue mjukuu wake.

Fomu ilipochukua nafasi ya macho

Waingereza nao walipata somo lao. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Hospitali ya Royal Liverpool na hospisi ya Marie Curie ya mji huo ziliandaa mwongozo wa kuwahudumia wagonjwa wa saratani katika siku zao za mwisho, ili kilichokuwa kikifanyika hospisini kifanyike pia katika wodi za kawaida. Nia ilikuwa njema na yaliyomo yalikuwa ya busara: acha vipimo visivyo na maana, andika dawa za maumivu na za pumzi mapema, zungumza na familia.

Kisha mwongozo ukageuka kipimo. Hospitali zilihesabiwa ni wagonjwa wangapi waliofariki wakiwa wamewekwa kwenye utaratibu huo, na nyingine zikapata fedha kwa kufikia lengo. Familia zikaanza kulalamika: wengine walikuta mzee wao ameingizwa humo bila wao kuambiwa, wengine walikatazwa kumpa maji aliyekuwa akiomba kunywa. Serikali iliunda kamati chini ya Julia Neuberger. Mwezi Julai 2013 ilitoa taarifa kwamba mwongozo ulipotumiwa na watu waliofunzwa, wagonjwa walikufa kwa utulivu na heshima. Ulipotumiwa kama orodha ya kutiwa tiki, uliwaumiza. Mwaka uliofuata mwongozo huo uliondolewa. Kipimo kilikuwa kimehesabu fomu zilizojazwa, na hakuna safu iliyouliza kama aliyelala kitandani alikuwa na kiu.

Ngumi na kiganja

Hivyo tunarudi kwa mgonjwa. Mwaka 1991 Eduardo Bruera na wenzake huko Edmonton, Kanada, walitengeneza karatasi fupi ambayo mgonjwa anajaza mwenyewe, dalili kwa dalili. Mwaka 1999 Julie Hearn na Irene Higginson wa London walichapisha hojaji iliyoongeza wasiwasi, familia na mambo ya nafsi. Kutoka hiyo ya pili, chama cha huduma shufaa cha Afrika, APCA, chenye makao yake Kampala, kiliunda hojaji ya bara hili na kuijaribu katika nchi kadhaa. Uthibitisho wake wa kitaalamu ulichapishwa mwaka 2010.

Ina maswali 10 tu. Saba ni ya mgonjwa: maumivu, dalili nyingine, wasiwasi kuhusu ugonjwa, kuweza kumweleza mtu yaliyo moyoni, kuona maisha yana thamani, kuwa na amani, na kama familia imesaidiwa kupanga yajayo. Matatu ni ya anayemuuguza: amepewa maelezo ya kutosha? Anajiamini katika kumtunza? Ana wasiwasi kiasi gani? Majibu ni kuanzia 0 hadi 5, kwa siku 3 zilizopita, na asiyejua kusoma hujibu kwa mkono: ngumi ni sifuri, kiganja kilichofunguka ni tano.

Mkono huo unatatua tatizo ambalo karatasi ya Edmonton haikukutana nalo, nalo ni adabu zetu. Muuguzi akiingia na kusema, "Shikamoo bibi, unaendeleaje?" atajibiwa, "Marahaba mwanangu, naendelea vizuri, namshukuru Mungu." Bibi hajasema uongo. Amejibu salamu kama inavyojibiwa, na kulalamika mbele ya aliyekuja kukusaidia ni utovu wa shukrani. Lakini muuguzi akikaa kitako na kusema, "Bibi, nionyeshe kwa vidole, tangu juzi maumivu yamefika wapi?" mkono unaweza kupanda vidole vinne huku mdomo ungali unashukuru.

Maswali ya amani na thamani ya maisha hayakuwekwa kama mapambo. Utafiti wa wagonjwa 285 wa huduma shufaa nchini Afrika Kusini na Uganda, uliochapishwa mwaka 2011, uliona kwamba kuwa na amani na kuona maana ya maisha kulikuwa na uzito zaidi kwa wagonjwa kuliko raha ya mwili. Ni rahisi kulielewa hilo vibaya na kudhani sala inaweza kuchukua nafasi ya mofini. Anayepiga mayowe hana nafasi ya kupatana na ndugu aliyekosana naye. Dawa ndiyo inayomrudishia nafasi hiyo.

Wanaojibu kwa niaba

Kila njia ya kumuuliza mgonjwa hugonga ukuta mmoja: siku za mwisho wengi hawawezi kujibu. Wanaoulizwa huwa jamaa, iwe kando ya kitanda au, kama Uingereza ilivyofanya kwa hojaji za kitaifa, miezi kadhaa baada ya mazishi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa mambo yanayoonekana, kama kukosa pumzi, kutapika au muuguzi kuchelewa, jamaa ni mashahidi wazuri. Kwa yaliyo ndani, kama maumivu na hofu, majibu yao mara nyingi hutofautiana na ya mgonjwa, na huelekea kuyaona makali zaidi, pengine kwa kuwa nao wana maumivu yao. Dawa ya kasoro hii ni kuanza kuuliza mapema na kurudia, ili siku mgonjwa atakaponyamaza, ajulikane alikuwa akisema nini.

Kuna pia wale waliofichwa. Familia ikimwomba daktari asimtajie baba kwamba ana saratani, swali la kuwa na wasiwasi juu ya ugonjwa linaulizwa kwa mtu asiyejua anaulizwa nini. Alama yake nzuri itaingia kwenye wastani, na hakuna atakayeona kasoro.

Lakini wengi kuliko wote ni wale ambao hakuna aliyewauliza kwa sababu hawakufikiwa. Tume ya jarida la Lancet, chini ya Felicia Knaul, ilikokotoa mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1. Hospisi inaweza kuwa na alama za kupendeza kwa wagonjwa wake 300 katika wilaya ambayo maelfu wanakufa bila kuiona. Kwa hiyo taarifa yoyote ya ubora isomwe kwa kuangalia kwanza ni wangapi hawamo.

Hospitali ya wilaya haihitaji kompyuta ya Medicare ili kuanza. Daftari moja la wodi linatosha, lenye safu za tarehe, vidole vya maumivu asubuhi, kilichofanyika, na vidole vya maumivu jioni. Safu ya tatu ndiyo inayotenganisha kupima na kuandika tu. Mgonjwa akionyesha vidole vinne siku tatu mfululizo na dozi ikabaki ileile, daftari limekamata kosa ambalo wastani wa mwezi ungelizika, na msimamizi wa wodi ana jina, tarehe na mtu wa kumuuliza. Wizara nayo ianze na hesabu moja inayoweza kukokotolewa kwa rejista za dawa na za vifo: kati ya waliokufa kwa saratani mwaka huu, wangapi waliwahi kupewa mofini? Nchi isiyoweza kujibu hilo haijafika kwenye ubora. Ingali kwenye swali la kuwepo kwa dawa. Na pale dawa ilipo, hakuna tena kisingizio cha kumpa mgonjwa uji bila kumuuliza.